Macho ya Mfukoni na Maji ya Ndiva

Darubini ya baba ilikuwa inanuka ugoro. Ndilo jambo la kwanza lililonijia mwezi uliopita, mjukuu wangu alipokuja kutoka Arusha akanitolea mkobani darubini yake ndogo, nyepesi kama mayai mawili, akasema, "Bibi, hebu angalia tambarare, utaona mpaka ng'ombe wa Wamasai." Niliipokea. Sikuipeleka machoni, niliipeleka puani. Akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi, hii hainuswi." Ni kweli, ya kwake haikunuka kitu, mpira tu, kama kandambili mpya. Anatembea nayo kila mahali, kwenye basi, kwenye mpira, na safari hii alikuwa anapanda nayo kwenda kuangalia ndege msitu wa Shengena. Anasema haimchoshi shingo. Nikamrudishia, nikamwambia macho yangu yana mtoto wa jicho. Hilo si uongo, ila ni jicho moja tu, lile lingine ni zima kabisa. Sababu ilikuwa nyingine, na nitawaambia ninyi, maana yeye sikumwambia. Mjukuu ukimpa jambo lako la aibu, kesho liko kwenye simu.

Baba yangu alikuwa mkulima kama watu wote wa huku juu. Lakini kuna mwaka alibeba mizigo ya Mzungu mmoja aliyekuja kuhesabu ndege msituni. Wazee wa kijiji walilijadili sana lile jambo. Mtu mzima, ameacha kwao, amekuja kuhesabu ndege ambao si wake, na akimaliza kuwahesabu hali hata mmoja. Wakakubaliana kwamba atakuwa na tatizo la ukoo. Alipoondoka alimwachia baba darubini ndogo, ile ya kukunja katikati, inayoingia mfuko wa koti bila kutokeza. Na mfuko huo wa koti ndimo baba alimokuwa anaweka ugoro wake tangu mimi sijazaliwa. Ndiyo maana ukiiweka machoni, kwanza unapiga chafya, kisha unaona. Watu hawakuiita darubini. Waliiita macho ya mfukoni.

Kabla sijapewa mimi, baba hakuiacha nyumbani hata siku moja. Safari ya Same wakati huo ilikuwa ni kushuka kwa miguu toka alfajiri mpaka barabara kubwa, na kila kwenye kona mlima unapofunguka alisimama, akatoa macho yake, akaangalia kama lori liko njiani au vumbi lile ni la ng'ombe. Akirudi jioni alitueleza nani kapanda na nani, kabeba nini. Na hata siku za kawaida ilikuwa na kazi. Akimwona mgeni yuko kule chini kwenye daraja la miti, mama aliongeza mahindi kwenye chungu cha makande, na mgeni akifika anashangaa imekuwaje amewekewa chakula. Akimwona mchungaji wa kanisa, kibuyu cha dengelua, pombe yetu ya miwa, kilihamia kwenye zizi la mbuzi. Mama alikuwa anasema, "Macho hayana pazia, ila haya yenu yangefaa yashonewe."

Mimi nilikuwa na miaka kama kumi, darasa la tatu. Nilisoma mpaka la nne tu, kwa hiyo mkiona naandika kama naongea mnisamehe, ndivyo ninavyojua. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kukaa kwenye jabali juu ya shamba kulinda nyani wasishuke kwenye mahindi. Siku moja nyani walinipita nikiwa nacheza kete, wakala mistari miwili, na baba badala ya kunipiga akanivika macho ya mfukoni shingoni. Akasema, "Navoneiwa, wewe si mvivu, wewe huoni mbali. Sasa utaona." Hebu nifikirieni mimi. Hakuna mtoto kijiji kizima aliyekuwa na kitu kama kile. Rafiki yangu Nakijwa, binti wa jirani, alikuwa anapanda jabalini kila jioni ili tu nimpe aangalie kidogo, na mimi nilikuwa namhesabia, moja, mbili, mpaka kumi, kisha namnyang'anya. Nilihesabu haraka sana.

Sasa niwaambie habari ya ndiva, kwa ajili ya wasio wa kwetu. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe, wazee wa zamani waliyajenga mengi kwenye miteremko huku Upareni, maji ya kijito yanakusanyika humo usiku kucha. Chini ya ukuta kuna tundu, na tundu linazibwa kwa kipande cha mgomba, majani na udongo wa mfinyanzi. Asubuhi mwenye zamu anazibua, maji yanashuka kwa mfereji mpaka shambani kwake. Jioni anaziba, ndiva ijae kwa ajili ya mwenye zamu anayefuata. Kila nyumba na siku yake. Wakati wa kiangazi zamu ni kitu kikubwa kuliko mbuzi, kuliko hata mahari. Unaweza ukamtukana mtu na mkasameheana kanisani Jumapili, lakini ukifungua ndiva siku isiyo yako, watu hawakusalimii vizuri mpaka uzeeni. Na sheria yake ilikuwa moja: mwizi wa maji zamu yake inafungwa mpaka mvua zije.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Maharage yetu yalikuwa yametoa maua na yalihitaji maji mara mbili tu yashike. Zamu yetu ilikuwa Alhamisi, na Jumatano haikuwa ya mtu, ndiva iliachwa ijae.

Jumatano, saa kumi na moja hivi, niko jabalini. Nyani hawakuwepo. Nikaanza kutembeza macho ya mfukoni upande wa pili wa bonde, naangalia huyu anapalilia, yule anamfukuza kuku, mpaka nikafika kwenye ndiva. Na pale chini ya ukuta nikamwona mama Nakijwa. Nilimjua kwa kitenge chake cha njano chenye mapapai. Alikuwa amepiga magoti, mgongo kwangu, mkono umeingia kwenye tundu mpaka begani, na bega linakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma. Akatoa mkono, una tope mpaka kwapani. Akaangalia huku na huku. Akauingiza tena.

Zile darubini ndogo zinakuonyesha duara dogo. Ndani ya duara unaona mpaka pindo la kitenge. Nje ya duara huoni kitu, na mfereji ulikuwa nje ya duara, umefunikwa na matete. Mimi nilichokuwa nacho ni mgongo, bega na tope. Kilinitosha. Nilishuka lile jabali mbio, hata nyani sikuwakumbuka.

Baba alikuwa anachonga mpini. Nikamwambia, "Mama Nakijwa anazibua ndiva."

"Umemwona?"

"Nimemwona kwa haya."

Aliuweka mpini chini. Tulikwenda naye, tukamkuta mama Nakijwa ameshaondoka, tundu limezibwa, na ndiva ambayo saa ile ilipaswa kuwa imejaa hadi kwenye jiwe la juu, imebaki nusu. Chini kwenye mfereji udongo ulikuwa bado mbichi. Baba akainama akaugusa. Kisha akaniwekea mkono kichwani, na ninavyoandika hapa nausikia uzito wake. Akasema, "Umeokoa nyumba yako." Baba yangu hakuwa mtu wa kusifia. Jioni hiyo nilipewa kipande cha nyama ambacho kwa kawaida ni cha baba.

Kesho yake tulimwagilia kwa ile nusu iliyobaki, maana kwa kiangazi kile usiku mmoja haukutosha kuijaza, na jioni wazee walikaa nyumbani kwa mzee Eliamani, msimamizi wa ndiva. Mimi niliitwa. Nikasimama katikati na darubini shingoni kama shahidi wa serikali. Mama Nakijwa alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, peke yake. Mume wake alikuwa amekwenda kwenye mashamba ya mkonge miaka mitatu nyuma, na barua zilikuwa zimeacha kuja. Nyumba yake ilikuwa yeye na Nakijwa na shamba moja chini ya mfereji.

Mzee Eliamani akamuuliza alikuwa anafanya nini pale.

"Nilikuwa naziba," akasema. "Nimetoka kuchanja kuni, nikasikia maji yanalia kwenye mfereji. Kaa wametoboa kizibo. Nimeshindilia majani na tope mpaka mkono ukafa ganzi."

Watu wakacheka. Kaa wa mtoni wapo kwetu, wadogo, wa kahawia, watoto wanawakamata kwa kucheza. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kaa wako huyo ana jembe?" Mwingine akadakia, "Na anavaa kitenge cha mapapai." Nyumba nzima ikacheka tena. Na mimi nikacheka, ndugu zangu. Nimesema nitawaambia kweli.

"Kama ulikuwa unaziba," mzee Eliamani akasema, "mbona hukuja kutuambia?"

"Nilikuwa na kuni kichwani na giza linaingia. Nilijua mtaona wenyewe."

Hapo akanigeukia mimi. Hakuniangalia kwa hasira. Akaniuliza taratibu, kama anayemuuliza mtoto wake kama amekula. "Mwanangu, uliniona nikizibua? Uliona maji yakitoka?"

Nilitaka kusema sikuona maji. Nakumbuka vizuri kwamba nilitaka, maana nilifungua mdomo. Lakini watu wote walikuwa wananisubiri mimi, mtoto wa darasa la tatu, na baba amesimama nyuma yangu na mkono wake uko begani kwangu. Nikasema, "Nilikuona ukizibua." Baba akamalizia, "Hiki kitu hakidanganyi. Kinavuta karibu tu."

Zamu yake ikafungwa mpaka mvua.

Mnajua, watu wa siku hizi wakisikia hivi wanaona ni jambo dogo. Wana mabomba. Lakini shamba la mama Nakijwa lilikuwa karibu kabisa na mfereji. Maji ya wengine yalipita mbele ya mlango wake kila asubuhi, anayasikia, na hawezi kutia hata kikombe kwenye mashina yake, maana watu walikuwa wanaangalia. Mimi nilikuwa naangalia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu mpya, baba alinipa, nilinde nyani na nilinde ndiva. Nilimwona kwenye duara langu akitoka asubuhi, akisimama ukingoni mwa shamba, akirudi ndani. Majani yalianza kukunjika, yakawa rangi ya karatasi ya zamani. Nakijwa hakupanda tena jabalini. Shuleni alikuwa akihama benchi nikikaa.

Baada ya wiki mbili zamu yetu ikafika tena. Mama alikuwa anaumwa mgongo, baba kaenda Same, kwa hiyo jioni mimi ndiye niliyekwenda kuziba. Darubini baba alikuwa ameniachia siku hiyo, nikampa mdogo wangu Ruthi akae nayo jabalini kwa sababu ya nyani. Nikafika, nikakata majani, nikafinyanga tope, nikapiga magoti pale pale. Kipande cha mgomba nikakirudisha. Nilipoingiza mkono kushindilia, kitu kikanibana kidole. Nikauchomoa mkono nikipiga kelele, na kaa akatoka nao, amening'inia. Nikamkung'uta. Nikachungulia kwenye tundu, na pembeni ya kizibo, kwenye ukuta wenyewe, kulikuwa na vitundu, vinne au vitano, vimechimbwa vizuri sana, kila kimoja kinaingia kidole gumba.

Niliziba vile vitundu vyote. Ilinichukua muda mrefu, bega likauma, na tope likanifika kwapani.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa amesharudi kutoka Same, amekaa anavua viatu, na Ruthi amesimama mbele yake anapiga kelele. "Baba, Navoneiwa alikuwa anazibua ndiva! Nimemwona kwa haya! Alikuwa anatoa tope, hivi, hivi, halafu akaangalia huku na huku." Akawa anaigiza kwa bega lake dogo.

Baba akacheka. "Alikuwa anaziba, mjinga wewe. Jioni watu wanaziba."

"Anazibua. Nimeona."

"Kwa mbali kuziba na kuzibua..." Baba akasema, halafu hakuendelea.

Akaniangalia. Mimi nilikuwa mlangoni, mkono wangu umekauka tope mpaka begani, na kidole kimevimba. Mama alikuwa anakoroga makande, mwiko ulisimama. Nilikuwa nasubiri baba aseme, na nadhani naye alikuwa anasubiri mimi niseme. Mwishowe akanyoosha mkono kwa Ruthi, akachukua macho ya mfukoni, akayakunja, akayaweka kwenye koti. Akasema, "Kaleni." Hatukupewa tena kuyashika, mimi wala Ruthi, mpaka anakufa.

Nyumba ya mzee Eliamani ilikuwa mwendo wa kuchemsha chai. Baba hakwenda. Alikuwa mtu mwema, nisieleweke vibaya, alikuwa akigawa mbegu kwa wasio nazo na hakuwahi kumpiga mama. Lakini alikuwa amesimama mbele ya wazee akasema hakidanganyi, na kurudi kusema kimedanganya, au sisi ndio tulidanganya, ilikuwa kazi nzito kwa mtu wa heshima. Na mimi? Mimi ningeweza kwenda. Miguu nilikuwa nayo. Nilijiambia mtoto hawezi kwenda kwa wazee bila baba yake. Nilijiambia hivyo mwezi mzima, na mwisho wa mwezi mama Nakijwa alifunga vitu vyake kwenye kitenge, akamshika binti yake mkono, wakashuka tambarare. Shamba lake lilikuwa limekauka lote. Walipopita chini ya jabali nilijilaza kifudifudi wasinione.

Miaka ikapita. Niliolewa, nikazaa, nikazika watoto wawili na mume. Baba alikufa bila kulisema lile jambo, na mimi sikulisema kwake, hata siku zile za mwisho nilipokuwa nampa uji kwa kijiko na tulikuwa na muda wote wa dunia.

Siku moja nilishuka gulio la Makanya kununua chumvi na mafuta ya taa. Nilitangulia kuona mikono kabla ya uso, mikono iliyokunjamana ya mwanamke mzee anayepanga mafungu ya nyanya juu ya gunia, kisha nikamtambua mama Nakijwa. Nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyanya? Hili fungu zuri, zile za huko zimepigwa jua." Kisha akaniangalia vizuri. "Wewe ni wa juu. Wa nani?"

Nikamwambia jina la baba. Akafuta nyanya moja kwa pindo la kanga, akairudisha juu ya fungu.

"Mzee hajambo?"

"Alishatangulia."

"Pole. Pole sana, mwanangu." Akaniambia Nakijwa ameolewa Kifaru, ana watoto watano, wa kwanza anasomea uuguzi. Akauliza habari za huyu na huyu. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu, "Na yale maharage yenu, mwaka ule, yalishika?"

"Yalishika," nikasema.

"Basi," akasema. Alikuja mteja mwingine, akamgeukia.

Nilipanda mlima na chumvi yangu, na nilikuwa nimefika kwenye ile kona mlima unapofunguka ndipo swali lake likaniingia. Jumatano ile. Alijua kabisa zamu ya kesho ni ya nani, kila mtu alijua, zamu ilikuwa ikiimbwa kama ratiba ya kanisa. Alikuwa amesikia maji yanakwenda, na angeweza kuyaacha yaende, maana yalikuwa yanaelekea kwenye shamba lake yeye, lililo la kwanza chini ya mfereji. Alitua kuni zake akapiga magoti akayaziba. Nusu ile iliyobaki kwenye ndiva, tuliyomwagilia Alhamisi, iliyoshikisha maua, maharage tuliyokula na kusaza mbegu mwaka ule wa njaa, ilibaki kwa sababu ya mkono wake. Kila mtu kijijini alilisha nyumba yake. Yeye alikuwa ameilisha yetu, na sisi tukamfungia maji.

Nilikaa pale konani mpaka jua likateremka. Nilisema nitarudi gulio lijalo. Gulio lijalo mtoto aliumwa, lililofuata mvua ilikata njia, na nilipokuja kufika gunia lake lilikuwa limekaliwa na kijana anayeuza chaja za simu. Akaniambia bibi alichukuliwa na binti yake kwenda Kifaru. Nikapanga nauli ya Kifaru. Nikapanga nguo. Habari ya msiba ilinikuta bado napanga.

Watu wananiambia mambo ya utoto hayahesabiwi, mtoto hana kosa. Labda mtoto aliyesema mbele ya wazee hana. Lakini mwanamke mtu mzima aliyesimama mbele ya fungu la nyanya hakuwa mtoto, na alikuwa ameshajua kwa miaka mingi kilichobana kidole chake. Aliulizwa akajibu yalishika. Maneno yaliyobaki yalikuwa matatu tu, na yalikuwa yamekaa pale pale mdomoni: ulikuwa unaziba, mama.